Stroberi na Nyanya Bila Udongo Ndani ya Nyumba: Chumba Kimoja, Matangi Mawili

Mtu anayeanza kulima stroberi na nyanya ndani ya nyumba kwa haidroponiki, yaani kwa maji yenye virutubisho badala ya udongo, mara nyingi hununua tangi moja kubwa, hulijaza maji na kupanda kila kitu humo. Kosa hilo linaeleweka. Mimea yote miwili huzaa matunda, yote hupenda mwanga mwingi, na uchachu wa maji unaoifaa unakaribiana mno. Lakini stroberi ni mmea wa mlo mwepesi, ambao majani yake huungua kingo pindi chumvi za mbolea zinapozidi kidogo, ilhali mnyanya uliokomaa ni mlafi ambao ukilishwa kwa kipimo cha stroberi utarefuka, utapauka na kuzaa vijitunda vichache. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unafuata kanuni moja tangu mwanzo: mazao haya mawili yanaweza kukaa chumba kimoja, na hata chini ya taa moja, lakini kila moja lipewe tangi lake.

Kuchagua aina

Nafasi ndani ya nyumba ni finyu, hivyo uchaguzi wa aina ndio utakaokurahisishia kazi au kukusumbua kwa miezi mingi. Minyanya iko ya namna mbili: ipo inayokua hadi kimo fulani, ikatoa maua na kuacha kurefuka, na ipo inayoendelea kurefuka muda wote wa uhai wake. Hiyo ya pili ikipewa maji yenye virutubisho vya kutosha haina adabu hata kidogo. William Gericke wa Chuo Kikuu cha California, aliyelieneza neno haidroponiki mwaka 1937, alipata umaarufu kwa minyanya ya mita kadhaa aliyoikuza juu ya matangi ya maji. Kwa rafu ya nyumbani zafaa aina fupi kama Micro Tom, ambayo huishia karibu na sentimita 20, au Tiny Tim na Red Robin, ambazo kwa kawaida hazifiki nusu mita. Mwenye nafasi ya mita mbili kutoka sakafuni hadi kwenye taa anaweza kupanda nyanya ndogo za vishada zinazopanda kamba. Nyanya kubwa za kukatwa vipande zinawezekana, ila simshauri anayeanza, kwa kuwa huchukua nafasi nyingi, huchelewa kuiva, na huwa za kwanza kuoza kitako, yaani sehemu ya chini ya tunda.

Kwa stroberi, jambo la kuuliza kabla ya kununua ni kama aina hiyo inategemea urefu wa mchana. Aina nyingi za shambani huunda maua siku zinapokuwa fupi na hali ya hewa inapokuwa ya baridi, kisha huzaa mara moja kwa mwaka. Chini ya taa zinazowaka saa 16 kila siku, aina hizo zinaweza kukupa majani mazuri na vikonyo vitambaavyo, yaani vijishina virefu vinavyobeba miche mipya, huku ua lisionekane. Tafuta aina zisizojali urefu wa mchana, kama Albion, Seascape au San Andreas, ambazo huendelea kutoa maua alimradi joto halizidi.

Nyanya hupandwa kwa mbegu bila shida yoyote: zikiwekwa katika vipande vya pamba ya mawe (nyuzi laini zitengenezwazo kwa mawe yaliyoyeyushwa) vilivyoloweshwa, kwenye joto la nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi, huota ndani ya siku 6 hadi 10. Mbegu za stroberi huota polepole, na zile zitokazo kwenye aina chotara hazizai mmea unaofanana na mzazi. Ni bora kununua miche. Ikiwa imekuja na udongo, uoshe kwa maji ya uvuguvugu hadi mizizi ibaki safi, maana udongo huo unaweza kuingiza magonjwa katika tangi. Ikiwa imekuja mikavu, mizizi ikiwa uchi, iloweshe kwa dakika 20 hadi 30, kata ncha zilizooza, kisha uipande siku hiyohiyo.

Vyombo, hewa na mizizi

Mfumo rahisi kuliko yote kwa nyumbani ni chombo chenye kifuniko, kilichojazwa maji ya virutubisho, chenye matundu ya kushikilia vikapu vidogo vya mimea na pampu ya hewa inayopuliza mapovu kupitia jiwe la hewa lililozama. Chombo cha lita 20 chenye kina kifupi kinatosha mimea minne hadi sita ya stroberi. Kwa nyanya, mmea mfupi upewe angalau lita 5 na mmea mrefu upewe ndoo yake ya lita 20, kwa sababu mnyanya mrefu wenye matunda unaweza kunywa lita mbili au zaidi kwa siku, na ndoo ndogo itakulazimu kuwa mtumwa wake. Ipo njia isiyotumia pampu, iliyoendelezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ambamo maji hushuka kadiri mmea unavyokunywa na mizizi ya juu huvuta hewa katika nafasi inayoachwa wazi. Njia hiyo inafaa sana mboga za majani, na stroberi huivumilia, lakini mnyanya mkubwa hulimaliza tangi kabla hujagundua.

Chombo chochote utakachotumia kisipitishe mwanga. Mwanga ukigusa maji ya virutubisho, mwani huota ndani ya siku chache, ukala chakula cha mimea na kuziba mirija. Ndoo nyeupe ipakwe rangi nyeusi nje na kisha nyeupe juu yake: nyeusi huzuia mwanga, nyeupe hupunguza joto.

Joto la maji hupuuzwa na wengi, nalo ndilo chanzo cha mizizi mingi iliyooza. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita, na yakifika nyuzi 30 hubeba karibu 7.5 tu, wakati huohuo mizizi yenyewe ikihitaji hewa zaidi kwa sababu ya joto. Hapo vimelea vya Pythium hupata mwanya, na mizizi iliyokuwa myeupe hugeuka kahawia, ikawa telezi na kunuka. Weka maji kati ya nyuzi 18 na 22. Usiweke tangi juu ya jokofu wala karibu na kifaa chochote kitoacho joto, na chupa ya maji yaliyogandishwa ikielea ndani ya tangi itakusaidia siku za joto kali.

Kwa stroberi liko sharti moja lisilo na mjadala. Kitovu cha mmea, yaani kile kifundo kifupi kinachounganisha mizizi na majani, kikae juu ya maji na juu ya kokoto zinazoshikilia mmea, kikiwa kikavu wakati wote. Kikilowa kwa siku kadhaa huoza, na mmea hunyauka ghafla ingawa mizizi yake imo ndani ya maji. Mnyanya ni kinyume kabisa: shina lake likifunikwa hutoa mizizi mipya, kwa hiyo mche uliorefuka kupita kiasi unaweza kuzamishwa ndani zaidi ya kikapu na ukapata nguvu.

Maji na chakula chake

Hapa ndipo matangi mawili yanapodhihirisha faida yake. Utahitaji vipimo viwili, kimoja cha pH, kinachoonyesha uchachu wa maji, na kingine cha EC, kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme na hivyo kukuambia wingi wa chumvi zilizoyeyuka. Kwa mazao yote mawili lenga pH kati ya 5.8 na 6.2. Ikipanda kupita 6.5, madini ya chuma huanza kushindwa kufyonzwa, na utayaona majani machanga yakigeuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Kwenye EC njia zinaachana. Stroberi changa ianze na milisimensi 0.8 kwa sentimita, na ikianza kuzaa isizidi 1.4. Mnyanya mchanga uanze na 1.2, upandishwe hadi 2.0 unapojenga majani, kisha ufike 2.5 hadi 3.5 unapobeba matunda. Chumvi zikiongezeka kidogo katika kiwango hicho nyanya hupungua ukubwa na kuongezeka utamu, jambo ambalo walaji wengi hawalilalamikii. Stroberi kwa kipimo hichohicho ingekauka kingo za majani.

Mbolea za haidroponiki huuzwa mara nyingi katika chupa mbili, A na B, na watu hudhani ni hila ya biashara. Sababu ni ya kikemia. Kalsiamu ikikutana na salfeti au fosfeti katika hali nzito, huungana nazo na kuwa mashapo meupe yasiyoyeyuka, ambayo ni hasara tupu kwa mmea. Kwa hiyo jaza tangi maji kwanza, weka chupa A na ukoroge vizuri, ndipo uweke chupa B na kukoroga tena. Pima EC, na mwisho kabisa urekebishe pH. Kamwe usichanganye A na B kabla ya kuzimimina katika maji mengi. Unapotengeneza myeyusho wa kushusha pH, mimina tindikali ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya tindikali, na uvae glavu na miwani ya kinga. Hakikisha pia kwamba mbolea uliyonunua imekusudiwa haidroponiki, maana nyingi za bustani zinategemea vijidudu vya udongo kuivunjavunja naitrojeni, na ndani ya tangi vijidudu hivyo ni vichache mno.

Kabla ya kuweka chochote, pima EC ya maji ya bomba peke yake. Yakisoma 0.2 uko salama, yakisoma 0.7, nusu ya bajeti ya stroberi imekwisha kuliwa na madini usiyoyachagua, na itakubidi uyachanganye na maji ya mvua au yaliyochujwa kwa mashine. Maji yenye klorini yaachwe wazi usiku kucha kabla ya kutumika.

Baada ya hapo, kazi ya kila siku ni kusoma mwelekeo. Kiwango cha maji kikishuka na EC ikapanda, mimea inakunywa zaidi kuliko inavyokula, kwa hiyo ongeza maji matupu. EC ikishuka pamoja na maji, ina njaa, kwa hiyo ongeza maji yenye virutubisho. Yakishuka maji tu na EC ikabaki palepale, umelenga sawasawa. pH nayo hupanda taratibu mmea unapofyonza nitrati. Kupanda kwa 0.1 au 0.2 kwa siku ni jambo la kawaida lisilohitaji kukimbiliwa, na mtu anayerekebisha pH mara tatu kwa siku huisumbua mimea kuliko pH yenyewe. Kila baada ya wiki mbili, mwaga maji yote na uanze upya, kwa sababu mimea haifyonzi madini yote kwa uwiano mmoja na kipimo cha EC hakikuambii ni madini gani yaliyobaki. Maji hayo ya zamani yanafaa kumwagilia mimea ya kwenye vyungu vya udongo.

Mwanga na joto

Dirisha pekee, hata lenye jua, mara chache hutosha kuivisha matunda. Taa za LED za mwanga mweupe zinafaa na hazisumbui macho kama zile za zambarau. Stroberi hutosheka na takriban mikromoli 250 za mwanga kwa mita ya mraba kwa sekunde, kipimo cha wingi wa mwanga unaoyafikia majani, nao mnyanya huhitaji 400 hadi 600. Tofauti hiyo, kwa bahati nzuri, hurahisisha mpangilio wa chumba: weka minyanya katikati, chini ya kitovu cha taa, na stroberi pembezoni na chini zaidi, ambako mwanga umepungua na hewa ina ubaridi kidogo. Taa iwake saa 14 hadi 16 kwa siku kwa kutumia swichi ya saa. Usishawishike kuiacha iwake usiku na mchana ukidhani matunda yataharakishwa, kwa sababu mnyanya usiopata giza hugeuka majani yake kuwa ya manjano na kudhoofika. Upe angalau saa sita za giza. Taa ya wati 100 inayowaka saa 16 hutumia uniti 1.6 za umeme kila siku, hesabu ambayo yafaa ifanywe kabla ya kununua taa, siyo baada ya bili kufika. Na kwa kuwa umeme na maji vitakaa karibu, kila waya uninginie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone linaloteleza juu yake lidondoke sakafuni, na plagi zote ziwe juu kuliko maji.

Kuhusu joto, stroberi hupendelea nyuzi 18 hadi 22 mchana na usiku wenye ubaridi, nayo nyanya hutaka 22 hadi 26 mchana na 16 hadi 18 usiku. Chumba kinachokaa karibu na nyuzi 22 mchana na 16 usiku kitayaridhisha mazao yote mawili. Joto likipita nyuzi 32, chavua ya nyanya hufa na maua hudondoka. Feni ndogo inayotikisa majani taratibu ni ya lazima, kwani hewa iliyotulia hualika ukungu na, kama tutakavyoona, huzuia kalsiamu kusafiri.

Kazi ya nyuki

Ndani ya nyumba hakuna nyuki, na wengi hulikumbuka jambo hili maua yanapoanza kupukutika. Ua la nyanya lina sehemu za kiume na za kike pamoja, na chavua yake imefungiwa ndani ya stameni, yaani hizo sehemu za kiume, zilizoungana kama koni, ikisubiri kutikiswa. Shambani kazi hiyo hufanywa na upepo na nyuki wanaovuma wakiwa wameling'ang'ania ua. Wewe tumia mswaki wa umeme: gusa kikonyo cha kishada kwa mgongo wake kwa sekunde mbili au tatu, kila siku au kila baada ya siku moja, saa za katikati ya mwanga ambapo hewa ni kavu kiasi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi chavua hugandana, ikiwa kavu mno haishiki.

Stroberi inahitaji uangalifu zaidi. Vile vitu vidogo tunavyoviita mbegu, vilivyotapakaa juu ya ngozi yake, kila kimoja ni tunda kamili kwa lugha ya wanabotania, na kila kimoja kilichochavushwa hutoa homoni inayofanya nyama iliyo chini yake ivimbe. Pasipochavushwa hapavimbi. Ndiyo maana stroberi ya ndani ya nyumba mara nyingi hutoka imebonyea upande mmoja, na mkulima akadhani amekosea mbolea. Chukua brashi laini ya rangi, izungushe kwanza kwenye stameni za pembezoni, kisha ipitishe kwa upole juu ya kifundo chote cha manjano kilicho katikati, ukirudia siku mbili au tatu mfululizo kwa kila ua.

Kupogoa na kuangalia dalili

Maua ya kwanza ya stroberi, katika wiki nne baada ya kupanda, yakatwe. Inauma kufanya hivyo, lakini mmea uliojenga mizizi kwanza huzaa zaidi baadaye. Vikonyo vitambaavyo navyo vikatwe vinapojitokeza, isipokuwa unataka miche. Kwa mnyanya mrefu, ng'oa machipukizi yanayoota kwapani, kati ya shina na jani, yakiwa bado mafupi, ubaki na shina moja linalofungwa kwenye kamba. Aina fupi ziache zilivyo. Ukizipogoa unakata mavuno yako mwenyewe.

Tatizo litakalokujia mapema zaidi huenda likawa kuoza kitako, ambapo sehemu ya chini ya nyanya hugeuka nyeusi na kubonyea. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, ingawa mara nyingi kalsiamu ipo tele katika maji. Madini hayo husafiri pamoja na maji yanayovutwa na majani, na tunda halivuti maji mengi. Kwa hiyo tangi likikauka kwa siku moja, chumvi zikizidi, au hewa ikituama, tunda ndilo linalokosa. Rekebisha hayo kabla ya kukimbilia kununua dawa ya kunyunyizia. Ncha nyeusi kwenye majani machanga ya stroberi zina asili hiyohiyo.

Wadudu huingia hata ndani. Utitiri mwekundu, vidukari na inzi weupe hujificha chini ya majani, na wakigunduliwa mapema huondolewa kwa kuoshwa kwa maji na sabuni maalumu ya kuulia wadudu. Ubwiri unga, ule ukungu kama poda nyeupe, hudhibitiwa kwa hewa inayotembea na kwa kukata majani yaliyoshikwa.

Kuvuna

Stroberi huiva takriban wiki nne baada ya ua kuchavushwa, na haiendelei kuwa tamu ikishachumwa, kwa hiyo isubiri hadi iwe nyekundu mpaka mabegani, chini ya kikonyo, kisha uikate kwa mkasi. Nyanya huchukua wiki sita hadi nane tangu ua, na ikishaanza kubadilika rangi inaweza kuchumwa na kuivia mezani. Usiiweke kwenye jokofu, kwa maana baridi huua ladha yake.

Mazao yanapoanza kupungua, huhitaji kununua upya. Chipukizi la kwapani uliloling'oa kwenye mnyanya, likiwekwa ndani ya glasi ya maji mbali na mwanga mkali, hutoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili. Kwa stroberi, acha kikonyo kimoja kitambae, bana kichipukizi chake juu ya kikapu chenye nyuzi za makumbi ya nazi zilizooshwa na kuloweshwa, kitovu kikiwa juu, na usikitenganishe na mama yake hadi mizizi iwe imepenya kwenye matundu ya kikapu.